Kabla Hujampa Fundi Laptopu, Amua Msimamizi Atakuwa Nani

Mtu akinunua laptopu iliyotumika, mara nyingi huipeleka kwanza kwa fundi ikapigwe Windows upya. Akirudi anakabidhiwa mashine inayowaka moja kwa moja, haiulizi jina wala neno la siri. Wengi hufurahia wepesi huo. Sisi wa kitengo cha TEHAMA tunakuomba uulize jambo moja kabla hujalipa: akaunti iliyomo humo ni ya aina gani, na ni ya nani?

Mifumo endeshi ya kompyuta tunayoitumia leo hugawa watumiaji katika ngazi mbili. Msimamizi husakinisha na kuondoa programu za mashine nzima, huweza kuzima kinga ya virusi, kufungua folda za wenzake na kubadili maneno yao ya siri. Mtumiaji wa kawaida huandika, huvinjari, huchapa na kuangalia video bila shida, ila hagusi kiini cha mfumo. Sasa, akaunti ya kwanza inayotengenezwa wakati wa kusakinisha, iwe Windows au macOS (mfumo wa kompyuta za Apple), huwa ya msimamizi. Unaulizwa jina, unaandika, unaendelea. Kuanzia hapo unafungua viambatisho vya barua pepe na kuchomeka flashi za watu huku umeshika mamlaka yote ya mashine.

Tatizo ni kwamba programu hasidi hurithi mamlaka ya aliyeifungua. Enzi za Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, akaunti zilizotengenezwa wakati wa usakinishaji zilikuwa za wasimamizi, tena ziliweza kuachwa bila neno la siri, na virusi vilistawi. Windows Vista, toleo lililoifuata XP na kuingia sokoni Januari 2007, ndiyo iliyoleta kile kidirisha kinachofifisha skrini na kuuliza kama unairuhusu programu ifanye mabadiliko. Ukiwa msimamizi, kidirisha hicho kinataka ubonyeze Ndiyo tu, na mkono ukishazoea hubonyeza kabla macho hayajasoma. Ukiwa mtumiaji wa kawaida, kinadai neno la siri la msimamizi. Hapo unalazimika kutulia na kujiuliza: mimi niliomba kusakinisha kitu?

Kwa hiyo tengeneza akaunti mbili siku ileile ya kusakinisha. Ya kwanza iwe ya usimamizi, yenye neno la siri refu usilolitumia kwingine. Maneno manne au matano yasiyohusiana hukumbukika kirahisi na ni magumu kubahatisha. Ya pili, ya mtumiaji wa kawaida, ndiyo utakayoingia nayo kila siku. Katika Windows 11 utaiongeza kupitia Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Watumiaji wengine. Kuna pia akaunti iliyojengewa ndani yenye jina Administrator, ambayo kwa kawaida huja ikiwa imezimwa. Iache hivyohivyo.

Suala la akaunti kuwa ya nani ni zito kuliko wengi wanavyodhani. Windows 11 kwa kawaida hudai akaunti ya Microsoft wakati wa kusakinisha, na fundi mwenye haraka huweka barua pepe yake mwenyewe. Kwenye kompyuta nyingi, hatua hiyo huwasha bila kelele usimbaji wa diski, yaani kuyafunga yaliyomo yasisomeke bila ufunguo, na ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 huhifadhiwa kwenye akaunti hiyohiyo. Siku ubao mama (motherboard) utakapobadilishwa, mashine inaweza kuudai ufunguo huo. Kama uko kwenye barua pepe ya fundi aliyekwisha kuhama mji, picha na nyaraka zako zimepotea, hata kama diski ni nzima kabisa. Nenda na barua pepe yako, uliingize neno la siri wewe mwenyewe, na ukifika nyumbani ingia kwenye akaunti hiyo uunakili ufunguo kwenye karatasi.

Wanaosakinisha Linux, mfumo endeshi mwingine wenye matoleo kama Ubuntu na Debian, wana utaratibu wao. Ubuntu huifunga akaunti kuu ya mfumo, iitwayo root, na kumpa mtumiaji wa kwanza ruhusa ya kutumia amri ya sudo, inayompa mamlaka ya msimamizi kwa kazi moja na kudai neno la siri lake mwenyewe. Debian inakuuliza neno la siri la root. Ukiliacha wazi, inafuata njia ileile ya Ubuntu. Ninapendelea njia hiyo, kwa sababu kila amri ya sudo huandikwa kwenye kumbukumbu za matukio ya mfumo pamoja na jina la aliyeitoa. Wageni wajue kwamba mara nyingi neno la siri halionekani linapoandikwa kwenye dirisha la amri, hata kwa vinyota. Kibodi haijafa, andika, kisha bonyeza Enter.

Akaunti ya kawaida haizuii kila kitu. Programu ya kudai fidia ikifunguliwa ndani yake bado inaweza kuyafunga mafaili yako wewe, kwa kuwa hayo unaruhusiwa kuyabadilisha. Nakala kwenye diski ya nje, inayochomolewa baada ya kunakili, bado inahitajika.

Kama kompyuta yako tayari ina akaunti moja tu, huna haja ya kupiga Windows upya. Tengeneza akaunti mpya ya usimamizi, toka, ingia nayo uhakikishe inafunguka, na ukiwa humo ndipo uishushe ile ya zamani iwe ya kawaida. Mafaili yako yatabaki mahali pake. Usianze kwa kuishusha ya zamani kabla mpya haijajaribiwa.

Ofisini, kila mtumishi awe na akaunti yake, na usimamizi ubaki kwa watu wawili: mmoja akiugua, mwingine awepo. Mtumishi akiondoka, izime akaunti yake siku hiyohiyo, ila usiifute mpaka mafaili ya kazi yamehamishwa.