Kupatana bei ya zawadi ugenini: ninayowaambia wageni wangu Kigoma

Kazi yangu ni kuongoza watalii. Nawapeleka hifadhi ya Gombe kuona sokwe, nawapitisha Ujiji, na kabla hawajaondoka huwa wanataka kwenda soko la Mwanga kutafuta zawadi za nyumbani. Njiani wananiuliza: "Tuanzie nusu ya bei?" Kanuni hiyo ya nusu siipendi hata kidogo. Muuzaji aliyezoea wageni anaijua, kwa hiyo anapandisha mapema. Na mama wa dagaa aliyekutajia bei ileile anayowatajia majirani zake, ukimkata nusu unamvunjia heshima.

Kwanza jiulize: kitu hiki hununuliwa na nani? Kinyago cha sokwe mtu mara nyingi hununuliwa na wageni, na bei yake anaijua muuzaji peke yake. Kitenge, mawese, dagaa na mkeka vinanunuliwa na watu wa hapa kila siku. Uliza meza tatu bila kununua, msikilize na mteja aliyekutangulia, utapata bei ya kweli. Ndiyo maana nawasihi wageni wachukue kile ambacho wenyeji nao wanakichukua.

Kigoma tunasifika kwa vitenge, basi niseme zaidi hapo. Kigeuze. Kitenge cha wax, yaani kilichochapwa kwa nta, rangi imekolea pande zote mbili. Kilichochapwa upande mmoja nyuma kimepauka. Soma maandishi ya pindoni: kampuni ya Vlisco ya Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846, huandika jina lake hapo, ila jina hilo huigwa sana, kwa hiyo macho na vidole viamue. Hakikisha mnazungumzia yadi ngapi, maana bei ya yadi 6 si ya kipande. Ukishajua hayo una hoja: "Mama, hiki nyuma kimepauka, nipunguzie." Naye atakujibu kwa hoja. Mapatano ya namna hiyo hayaachi kinyongo.

Dagaa hupimwa kwa sado, yaani kindoo cha kupimia, au kwa kopo. Hapo usibishane sana na bei, omba nyongeza. Ila kwanza chota kiganjani uangalie mchanga: waliokaushwa juu ya vichanja ni wasafi kuliko waliotandazwa chini, na wanastahili bei kubwa zaidi.

Ukitajiwa bei kwa dola, omba utajiwe kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kuuza bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni. Beba noti ndogondogo. Ukishapunguziwa kisha ukatoa noti kubwa, chenji itawasumbua nyote wawili.

Sisi wenyewe tukivuka mpaka wa Manyovu kwenda Bujumbura, Burundi, tunakuwa wageni vilevile, hata kama mtaa wa Buyenzi utasikia Kiswahili kila kona. Wenzetu wengi hugeuza kila faranga kuwa shilingi kichwani, kisha wanaona kila kitu rahisi au kila kitu ghali. Mimi huuliza kwanza sahani ya wali na maharage mtaani ni faranga ngapi. Kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, kilichosukwa kwa siku kadhaa, kikitajwa kwa bei ya sahani mbili, sioni cha kupunguza. Kikitajwa kwa sahani hamsini, nakaa chini tuongee.

Ukitaja bei na muuzaji akaikubali, umenunua. Kumwacha hapo na kwenda meza ya pili ni utovu wa adabu, na wenye meza za jirani wanaona. Kujifanya unaondoka ili akuite kunafaa tu kama uko tayari kuondoka kweli.

Meno ya tembo na ngozi ya chui usiulize hata bei. Kukutwa navyo bila kibali ni kosa la jinai hapa, na mipakani mizigo hukaguliwa.

Na ikiwa aliyekaa mbele yako ndiye aliyesuka mkeka wenyewe, muulize umemchukua siku ngapi kabla hujamwomba punguzo.