Mali ya Msafiri Hupotea Mlangoni: Ushauri kwa Wanaosafiri Kutoka Nairobi

Abiria wengi wanaotoka Nairobi kwenda mashambani humwogopa jambazi wa usiku barabarani, ilhali anayewaibia huwa amesimama nao stejini. Gari likiwa mwendoni mali ni rahisi kulinda: umeketi, mfuko uko mapajani, jirani unamwona. Hatari kubwa iko unapopanda, unapolipa, unaposhuka na unapotoa mzigo butini. Dakika hizo mikono imejaa, macho yanatafuta gari, na makanga anapaza sauti kwamba kimebaki kiti kimoja tu. Mengi tunayoshauri hapa yanahusu dakika hizo.

Usiku wa kuamkia safari

Gawa pesa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni nauli na chakula cha njiani, noti ndogo ndogo, liwe mfuko wa mbele. La pili ni akiba ya kukufikisha nyumbani hata ukiibiwa kila kitu, nalo likae ndani ya nguo, kwenye soksi au kwenye pindo la leso. Akina mama waliofunga noti fundo ndani ya leso walijua walifanyalo, kwa maana fundo hilo halifunguki bila mwenyewe kuhisi. Zilizobaki ziache benki au kwenye simu.

Kisha tenganisha simu na kitambulisho. Watu wengi huviweka pamoja, mara nyingi kitambulisho kikiwa ndani ya kava ya simu, na hapo ndipo hasara ya simu ya shilingi elfu kumi na tano inapogeuka kuwa hasara ya akiba yote. Kitambulisho kina nambari yako na tarehe yako ya kuzaliwa. Mwizi akikipata, atajaribu mwaka wako wa kuzaliwa kama nambari ya siri ya M-Pesa, na kwa wanaoutumia atafaulu. Badilisha nambari hiyo leo kama ni mwaka wa kuzaliwa wako au wa mtoto wako.

Funga pia laini yenyewe. Kufunga skrini hakutoshi, kwa sababu mwizi anaweza kuitoa laini na kuitia kwenye simu nyingine, kisha akapokea jumbe za benki na za kubadilisha nywila kana kwamba ni wewe. Laini iliyofungwa huomba nambari yake ya siri kila inapotiwa kwenye simu au simu inapowashwa. Katika simu nyingi za Android utapata sehemu hiyo ndani ya mipangilio, upande wa usalama. Utaombwa kwanza nambari iliyokuja na laini. Usiibahatishe: ukikosea mara tatu laini hujifunga na kudai nambari ya PUK, ile ya kuifungulia laini, yenye tarakimu nane, na ukikosea PUK mara kumi laini hiyo imekufa kabisa. Kama huijui nambari ya awali, pitia duka la mtandao wako kabla ya siku ya safari.

Mwisho, bonyeza *#06# uandike tarakimu 15 za utambulisho wa simu kwenye karatasi ibaki nyumbani, na ukariri nambari ya simu ya mtu mmoja unayemtegemea. Mtu aliyepokonywa simu kwenye steji ya Muthurwa bila nambari hata moja kichwani hana wa kumpigia hata akiazimwa simu.

Stejini na mlangoni

Tikiti ikatwe dirishani, ndani ya ofisi ya kampuni, si kwa mtu anayekudaka barabarani akikuambia kampuni yenu imejaa. Msimu wa Krismasi na Pasaka mabroka huwa wengi, na tikiti wanazouza huenda zikawa za basi lisilokuwepo. Soma tarehe, saa na nambari ya kiti hapo hapo ukiwa bado dirishani. Mbebaji wa mizigo akubaliane nawe bei kabla hajashika begi, naye atembee mbele yako, kamwe asikufuate nyuma.

Mlangoni mwa gari, wezi hufanya kazi watatu au wanne. Mmoja hupanda mbele yako kisha husimama ghafla kwenye ngazi, labda ameangusha sarafu, labda amekumbuka kwamba si gari lake. Wa nyuma anakusukuma kana kwamba ana haraka. Wa tatu, mwenye koti au gazeti mkononi, ndiye anayefungua zipu. Ukiona mtu amesimama bila sababu mlangoni na nyuma unasukumwa, usisukumane nao. Rudi nyuma, toka kwenye msongamano, bana mfuko kifuani. Gari lingine litakuja. Na uwe na nauli mkononi kabla hujafika stejini, maana ukitoa pochi pale watu wote wameona inakokaa.

Kiti cha mbele cha matatu

Hila hii tutaieleza kwa kirefu kwa sababu hunasa hata watu waliozaliwa Nairobi. Kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zililazimisha kila abiria wa matatu kufunga mshipi, na hofu ya kukamatwa bila mshipi ipo hadi leo. Wakora huitumia hofu hiyo.

Unaalikwa kwa heshima kuketi mbele, karibu na dereva. Mwenzako anaingia baada yako, anakaa upande wa mlango, akiwa na bahasha kubwa au koti mapajani. Gari likianza kwenda, dereva au huyo mwenzako anasema, "Funga mshipi, kuna askari mbele." Mshipi unakataa kuingia. Jirani anainama kukusaidia, anavuta hapa, anasukuma pale, bahasha yake imefunika paja lako, nawe macho yote yako kwenye kifungio. Chini ya bahasha mkono wa pili unatoa simu. Baada ya mita mia chache unaambiwa gari halifiki unakokwenda, unarudishiwa nauli kwa adabu na kushushwa. Kurudishiwa nauli mapema namna hiyo ndiyo dalili kubwa. Papasa mifuko yako ukiwa bado umeketi, kabla mlango haujafungwa, na usome nambari ya usajili gari likiondoka.

Kinga yake ni nyepesi: ukiombwa kukaa mbele katika gari lenye abiria wachache usiowajua, kataa, kaa nyuma. Ukilazimika, weka mfuko tumboni na ufunge mshipi mwenyewe kabla gari halijang'oa nanga. Mshipi usiofungika, shuka.

Dirishani

Kwenye msongamano wa Landhies Road au Haile Selassie, simu hunyakuliwa kupitia dirisha lililofunguliwa. Inapochukuliwa hivyo huwa imewashwa na haijafungwa, kwa hiyo kila kitu ndani yake kiko wazi. Ishike kwa mkono ulio mbali na dirisha, au usiitoe hadi gari litembee. Weka skrini ijifunge baada ya sekunde 15 au 30. Ukitembea kando ya barabara, begi na simu viwe upande wa ukuta, kwa sababu wanyakuzi wengine huja wawili juu ya pikipiki.

Mzigo wa butini

Mabegi meusi yote yanafanana. Mengi yanayopotea butini hushushwa Narok, Nakuru au Mtito Andei na abiria mwingine, mara kwa makusudi, mara kwa kukosea. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye mkono wa begi, andika jina na nambari ya simu kwenye karatasi utakayoiweka ndani, lifunge kwa kufuli, na ulipige picha likiwa mbele ya buti pamoja na nambari ya gari. Dai risiti ya mzigo. Kwenye kituo cha kupumzika, shuka uangalie buti likifunguliwa.

Vyeti, tarakilishi, dawa na pesa visiingie butini kabisa. Na begi dogo usiliweke kwenye rafu iliyo juu ya kichwa chako, kwa kuwa huwezi kuliona. Liweke rafu ya upande wa pili, mbele yako kidogo, ambapo kila atakayeinua mkono utamwona. Likiwa chini ya kiti, pitisha mkanda wake kwenye mguu.

Kwa treni ya Mombasa kutoka kituo cha Nairobi Terminus kilichoko Syokimau, fika mapema na uje na kitambulisho halisi. Begi lako lipite kwenye mashine ya ukaguzi wakati aliyetangulia amekwisha kupita, ili lisikutangulie likachukuliwa upande wa pili.

"Mchele"

Nairobi mtu akisema fulani ametiliwa mchele, ana maana amewekewa dawa ya usingizi kwenye kinywaji au chakula. Dawa zinazotumiwa mara nyingi ni za jamii ya benzodiazepini, ambazo humlaza mtu na kumfutia kumbukumbu, ndiyo maana wengi hawawezi kueleza walikaa na nani. Zikichanganywa na pombe huweza kupunguza pumzi hadi mtu akafa. Hatuoni aibu kumwambia msafiri akatae biskuti ya jirani mkarimu. Chupa iliyofungwa pia si dhamana, kwa sababu sindano hupita kwenye plastiki. Nunua mwenyewe, na chupa uliyoiacha kwenye kiti ukienda msalani usiinywe tena.

Abiria akilala usingizi usioamshika, usimnyweshe maziwa wala maji, kwa maana yataingia mapafuni. Mlaze ubavu, kidevu kiinuliwe kidogo, angalia kama anapumua, mwambie dereva asimame kwenye hospitali iliyo karibu, piga 999 au 112. Sampuli ya mkojo ichukuliwe mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hutoka mwilini haraka.

Kufika alfajiri

Mabasi mengi ya usiku kutoka Mombasa huingia mjini kungali giza. Nairobi jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, mwaka mzima. Ukishushwa saa kumi usiku, kaa ndani ya ofisi ya basi hadi kupambazuke. Ukiwa na mtoto, vaa mzigo mgongoni ubaki na mkono mmoja wa kumshika.

Ukiibiwa

Usimfukuze mwizi; hayuko peke yake. Azima simu ya mtu unayemwamini, na kama laini yako ni ya Safaricom, piga 100 kwa laini yao, utaje nambari yako ya kitambulisho, laini ifungwe na M-Pesa isimamishwe. Piga benki. Kisha tu ndipo utumie huduma ya Google ya kutafuta simu kuifunga kwa mbali, maana hiyo hufanya kazi simu ikiwa imewashwa na ina intaneti, na wezi huizima upesi.

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, kama Central au Kamukunji ukiwa katikati ya jiji, upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na hati ya kupotelewa. Taja nambari ya gari, mahali, saa, na zile tarakimu 15. Ukipata laini mpya, omba taarifa ya M-Pesa ya siku hiyo na ukague kama kuna mkopo wa Fuliza au M-Shwari uliochukuliwa baada ya saa uliyoibiwa. Ukiupata, peleka taarifa hiyo pamoja na nambari ya OB kwa mtandao wako siku hiyo hiyo.