Krediti noti ikishatoka haifutwi

Krediti noti ni hati ya kumpunguzia mteja deni la ankara. Kila mwisho wa mwezi napigiwa simu ileile: "Mhasibu, krediti noti ilikuwa na kosa dogo, nikaifuta. Sasa mbona leja ya mteja haieleweki?" Haieleweki kwa sababu umeifuta.

Dhana: Ukikosea, futa kisha utengeneze nyingine

Kama bado ni rasimu, sawa, hariri upendavyo. Ninayoizungumzia ni ile iliyokwisha kuidhinishwa, mteja anayo, na kwa hapa Kenya imeshapita eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA. Ukiifuta kwenye kompyuta yako, kwa KRA bado ipo.

Chukua ankara ya Machi: bidhaa 50,000, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) 8,000, jumla 58,000. Mteja akarudisha mali ya 10,000. Karani akaandika 20,000, kwa hiyo krediti noti ikatoka ya 23,200 badala ya 11,600. Mteja naye akalipa salio aliloliona, 34,800. Ritani ya Machi, yaani taarifa ya VAT kwa KRA, ikapelekwa kabla ya tarehe 20 Aprili. Mwezi Mei ndipo mtu anashtuka, na mkono unakwenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kufuta.

Hapo ankara inafunguka upya na mfumo unamdai mteja 23,200, ilhali deni lake halisi ni 11,600. Ripoti ya VAT ya Machi inapanda kwa 3,200 na haifanani tena na ritani uliyopeleka. Mteja naye alishapunguza VAT yake ya manunuzi kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo vitabu vyenu viwili sasa vinapingana. Na kwenye mfululizo wa namba kuna pengo, ambalo mkaguzi ataliona kabla hajamaliza chai yake.

"Basi nitaibatilisha, si kuifuta." Afadhali kidogo, maana namba inabaki. Lakini programu nyingi hugeuza kiasi kuwa sifuri kwa tarehe ileile ya zamani, na Machi yako inaharibika vilevile.

Dawa ni kuiacha ilivyo na kutoa debiti noti (hati ya kumwongezea mteja deni), au ankara ya marekebisho, ya ile tofauti tu: 10,000 pamoja na VAT 1,600, kwa tarehe ya leo, ikitaja namba ya krediti noti iliyokosewa. Leja inatulia kwenye 11,600, na Machi haijaguswa. Tena, fungeni miezi iliyokwisha kwa nywila, na karani asipewe hiyo nywila. Nimelisema hili mpaka nimechoka.

Dhana: Mfumo umekataa kubatilisha, kwa hiyo ni mbovu

Si mbovu. Krediti noti imeshalinganishwa na ankara, yaani imeshatumika kupunguza deni lake. Kwenye programu ya uhasibu ya Xero, kwa mfano, lazima kwanza uondoe huko kulinganisha. Na kama kosa lilikuwa kuilinganisha na ankara isiyo yake, basi umemaliza: iondoe, iweke panapostahili. Hati yenyewe haina kosa, iache.

Dhana: Irudishe tarehe ifanane na ya ankara

Hapana. Tarehe ni ya siku unayoitoa, na VAT hurekebishwa katika mwezi huo. Sheria ya VAT ya Kenya inakupa miezi sita tangu ankara itoke. Kama bei inabishaniwa mahakamani, siku 30 baada ya uamuzi. Wanaorudisha tarehe mara nyingi ndio waliochelewa.

Dhana: Mteja asiyelipa mpe krediti noti, deni liishe

Huyo hajarudisha mali wala hajapunguziwa bei. Ni deni lisilolipika, nalo lina akaunti yake na utaratibu wake wa VAT. Ukilivika krediti noti umepunguza mauzo ambayo kweli yalifanyika.

Na pale kwenye nafasi ya sababu, msiandike "kosa". Andikeni "katoni 4 zimerudi zimelowa, delivari namba fulani". Mkaguzi akija, karani aliyeandika huenda alishaacha kazi.