Cheti cha Wiki Mbili Hakikufanyi Mnasihi

Mwezi uliopita shangazi mmoja aliniletea binti wa chuo. Kabla ya kufika kliniki, binti huyo alishakaa vikao vinne na mtu anayejiita mwanasaikolojia mtaani kwao. Vikao vyote vinne aliambiwa amshukuru Mungu, wenzake wana makubwa zaidi. Hakuulizwa hata mara moja kama amewahi kufikiria kujiua. Mimi nilimuuliza ndani ya nusu saa ya kwanza, kwa maneno hayo hayo. Akalia, akasema ndiyo, na siku alikuwa ameshaipanga.

Yule bwana hana roho mbaya. Ana cheti, kimelaminetiwa, kina mhuri wa rangi ya dhahabu. Alilipa ada, akakaa ukumbini wiki mbili, mwisho akaambiwa kuanzia leo wewe ni mwanasaikolojia, naye akaamini.

Dhana hii naisikia kila wiki, kwa wazazi, kwa walimu, hata kwa viongozi wa dini: kwamba unasihi (ushauri nasaha) ni kipaji cha kuongea na watu, semina inakipigia mhuri tu. Nimechoka kuisikia, kwa sababu wanaoumia ni wagonjwa. Kazi hii hujifunzwa kama kushona kidonda, unafanya huku anayejua zaidi yako amekusimamia. Sonona, kiwewe na saikosisi (hali ya kupoteza uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo) utavisoma darasani. Yanayomlinda mgonjwa utayapata kwenye mafunzo kwa vitendo: kuuliza habari za kujiua bila kuzungukazunguka (kumuuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani, tafiti zimeonyesha hivyo), kutambua kuwa huyu anayesikia sauti anahitaji daktari leo leo, kutunza siri hata mama mzazi akikusubiri mlangoni.

Wanafunzi wanaoletwa kwangu, wiki ya kwanza nawakataza kutoa ushauri wowote. Wasikilize dakika 20, kisha waniandikie mgonjwa alisema nini. Wengi hata dakika ya tano hawafiki, utasikia, "Pole dada, lakini ungejaribu..." Tunarudia. Tunapitia maandishi yao mstari kwa mstari, nawaonyesha pale mgonjwa alipoanza kufungua jambo, wao wakamkatiza. Hilo linachukua miezi.

Najua nitatajiwa Zimbabwe. Mradi wa Benchi la Urafiki, alioanzisha daktari Dixon Chibanda jijini Harare mwaka 2006, unawatumia mabibi wa mitaani wasio na shahada, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa wagonjwa wao walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Zanzibar nako mfano huo umefika. Naupenda sana mradi huu. Ila tazameni ulivyojengwa. Bibi anafundishwa kazi moja, kumsaidia mtu alitaje tatizo lake na kulitatua hatua kwa hatua. Ana dodoso la kupimia dalili, ana msimamizi, na anayeonekana yuko hatarini hupelekwa kwa aliyesomea zaidi. Hakuna bibi aliyebandika bango la mwanasaikolojia mlangoni. Mwenye semina ya wiki mbili akikubali mipaka ya namna hiyo, nitamkaribisha kwa mikono miwili.

Hali ni hiyo hiyo kwa ndugu zetu walioacha unga. Wapo wanaosema kupona kunatosha kuwa mshauri wa soba hausi (nyumba ya kuwasaidia wanaoacha dawa za kulevya), na wapo wanaosema aliyewahi kutumia hafai kamwe. Wote wamekosea. Tangu kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, ifunguliwe Muhimbili mwaka 2011 tunazidi kuwahitaji, maana lugha ya kijiweni wanaijua na mgonjwa huwaamini upesi. Wasomeshwe tu, wasimamiwe.

Maneno mengine ninayoyasikia niyapitie haraka. "Nimesoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), njia imefungwa." Haijafungwa. PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) ni ya anayetaka udaktari. Saikolojia na ustawi wa jamii huchukua waliosoma sanaa, nendeni mkaulize pale Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama.

"Mwanasaikolojia na daktari wa akili ni yule yule." Daktari bingwa wa afya ya akili amesoma udaktari miaka 5, akafanya utarajali (kazi ya mafunzo hospitalini) mwaka 1, kisha uzamili wa miaka 3, na dawa anaandika yeye. Mwanasaikolojia tiba anaanzia shahada ya kwanza, kisha uzamili, ambao Muhimbili wanaufundisha. Kwangu mtu hatoki na karatasi ya dawa, na kila wiki yupo anayenikasirikia kwa hilo.

"Bila shahada huna nafasi." Nendeni wodini Mirembe, Dodoma, hospitali iliyoanza 1927, mkaone nani anakesha na wagonjwa. Ni wauguzi, na uuguzi una ngazi ya diploma, miaka 3.

"Ukikaa na wagonjwa wa akili nawe utarukwa." Ugonjwa huu hauambukizi. Kinachotuchosha ni kubeba habari za watu peke yako, bila mtu wa kukaa naye ukazitua.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kulipa ada yoyote, hakikisha chuo kinatambuliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, au TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kikiwa chuo kikuu. Kisha waulize swali moja: mwanangu ataona wagonjwa wapi, kwa saa ngapi, na nani atakuwa amekaa naye? Wakianza kukueleza uzuri wa ukumbi na chai, chukua hela yako urudi nayo nyumbani.