Kiwango cha vifo vya watoto: tunalinganishaje jana na leo?

Ukimuuliza bibi wa miaka themanini amezaa watoto wangapi, mara nyingi hukupa namba mbili, si moja: "Nilizaa tisa, wako hai watano." Jibu hilo fupi ndiyo takwimu ya vifo vya watoto katika umbo lake la mwanzo kabisa. Kuna waliozaliwa, na kuna waliobaki. Kiwango chochote utakachokisoma kwenye ripoti ya serikali kimejengwa juu ya namba hizo mbili, na anayeshika moja akaiacha nyingine hupotea.

Kiwango cha vifo vya watoto chini ya miaka mitano ni idadi ya watoto wanaofariki kabla ya kutimiza miaka mitano, kati ya kila watoto 1000 waliozaliwa hai. Ndani yake mna vipande viwili vinavyotajwa sana: vifo vya kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na vifo vya siku 28 za kwanza. Maneno "waliozaliwa hai" yana uzito. Mtoto aliyelia au kuvuta pumzi, hata kwa dakika chache, anahesabiwa kwamba alizaliwa na kwamba alifariki. Aliyezaliwa mfu huhesabiwa kwingine.

Kwa nini tusihesabu tu idadi ya vifo? Kwa sababu watu wameongezeka. Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta Watanzania milioni 12.3, ya mwaka 2022 iliwakuta milioni 61.7. Mahali ambapo watoto wanaozaliwa wameongezeka mara nne, vifo vinaweza kubaki vilevile kwa idadi ilhali hatari kwa kila mtoto imepungua hadi robo. Anayetazama makaburi peke yake ataona hakuna kilichobadilika.

Nchi iliyosajili kila kizazi na kila kifo haina kazi kubwa hapa. Sweden imekusanya takwimu za nchi nzima tangu mwaka 1749 kupitia daftari za parokia, kwa hiyo wanaweza kuonyesha kwamba karne ya 18 karibu watoto 200 kati ya 1000 walifariki kabla ya mwaka mmoja, na leo ni kama wawili. Kwetu watoto wengi wamezaliwa na kuzikwa bila cheti cha kuzaliwa wala cha kifo. Ilibidi itafutwe njia nyingine, na sehemu ya njia hiyo ina mizizi hapa hapa Afrika Mashariki.

William Brass, Mskoti mtaalamu wa hesabu, alifanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki mjini Nairobi kuanzia mwaka 1948 hadi 1955. Baadaye alionyesha kwamba jibu lile la bibi, likikusanywa kwa wanawake wengi na kupangwa kwa umri wao, linatosha kukadiria vifo. Watoto wa mama mwenye miaka 20 hadi 24 bado ni wadogo, kwa hiyo sehemu ya watoto wake waliofariki inakaribia hatari ya kufa kabla ya miaka miwili. Kwa mama wa miaka 30 hadi 34, inakaribia hatari ya kufa kabla ya miaka mitano. Na kadiri mama anavyokuwa mkubwa, ndivyo watoto wake wanavyotusimulia miaka ya nyuma zaidi. Ndiyo sababu karani wa sensa humuuliza mwanamke watoto aliozaa wakiwa hai, kisha walio hai leo. Wengine huliona swali hilo kama uchimbaji wa majonzi ya watu. Mimi naliona ni swali la heshima, maana bila hilo mtoto aliyekufa hana mahali popote anapoandikwa.

Siku hizi tegemeo kubwa ni tafiti za kaya. Mdadisi hukaa na mwanamke wa miaka 15 hadi 49 akamwomba ataje kila mtoto aliyemzaa, tarehe ya kuzaliwa, kama yu hai, na kama hayupo, alifariki akiwa na umri gani. Wengi wa watoto waliozaliwa karibuni hawajafika miaka mitano, kwa hiyo huwezi kuwasubiri wote wakue ndipo uhesabu. Umri hukatwa vipande: mwezi wa kwanza, miezi inayofuata, mwaka wa pili, na kuendelea. Kila kipande huhesabiwa ni wangapi walioingia na wangapi waliotoka salama, kisha visehemu hivyo vya kunusurika huzidishwa pamoja. Kinachopatikana ni safari ya mtoto wa kufikirika anayepita miaka yake mitano yote katika hali ya kipindi kile kimoja.

Kwa Tanzania, tafiti hizo zimetoa mfululizo huu wa vifo chini ya miaka mitano kwa kila 1000: 141 katika utafiti wa 1991/92, 137 mwaka 1996, 147 mwaka 1999, 112 mwaka 2004/05, 81 mwaka 2010, 67 mwaka 2015/16 na 43 mwaka 2022. Kutoka 141 hadi 43 ni upungufu wa karibu asilimia 70 ndani ya miongo mitatu. Ni habari kubwa, na sidhani tumewahi kuisherehekea ipasavyo.

Lakini tusome polepole. Namba ya mwaka 2022 si ya mwaka 2022. Ni ya miaka mitano iliyotangulia utafiti, na ndivyo ilivyo kwa zote. Hili si jambo dogo. Hati punguzo za vyandarua zilianza kugawiwa mwaka 2004, na nimesikia zikipewa sifa ya kuishusha namba kutoka 147 hadi 112. Haiwezekani: 112 inasimulia zaidi vifo vya miaka ya 2000 hadi 2004, kabla hati hazijawafikia watu wa kutosha. Sifa zao zitafutwe kwenye 81 ya mwaka 2010.

Tena, je, vifo vilipanda kweli kati ya 1996 na 1999? Utafiti wa 1996 uliwahoji wanawake 8,120. Wa 1999 uliwahoji 4,029 tu. Sampuli ndogo hutikisika, na tofauti ya 137 na 147 inaweza kuwa mtikisiko huo. Kwa hiyo sisemi vilipanda. Nasema muongo ule haukuwa na nafuu inayoonekana, na hilo linatosha kuhuzunisha.

Kenya ni kisa kingine. Huko kiwango kilikuwa 89 katika utafiti wa 1989, kikawa 96 mwaka 1993, 112 mwaka 1998 na 115 mwaka 2003, kabla ya kushuka hadi 74, 52, na 41 mwaka 2022. Hapa kupanda kunaonekana tafiti nne mfululizo, kwenye miaka ambayo UKIMWI ulikuwa unaua wazazi na watoto na klorokwini ilikuwa inashindwa na malaria. Hata hivyo utafiti wa 2003 ulikuwa wa kwanza kuingia kaskazini yote ya nchi. Wa nyuma uliiruka. Ukitaka kulinganisha 1998 na 2003 kwa haki, iondoe kwanza kaskazini kwenye namba ya pili.

Kumbukumbu nayo ina tabia zake. Mama aliyefiwa na mtoto wa miezi kumi au kumi na minne husema "alikuwa na mwaka." Vifo hurundikana kwenye miezi 12, na baadhi huhama kutoka kundi la chini ya mwaka kwenda kundi la juu yake. Kiwango cha chini ya miaka mitano hakiguswi na kuhama huko, ndiyo maana kwa kulinganisha miongo nakiamini zaidi. Kasoro nzito ni ile ya mama aliyekufa: hakuna wa kumuuliza, na mtoto wake aliyemfuata kaburini haingii kwenye hesabu. Miaka ya UKIMWI ilikuwa mibaya kuliko namba zinavyosema.

Usichanganye vyanzo pia. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba Tanzania imefika 49 na kutimiza lengo la kupunguza vifo kwa theluthi mbili tangu 1990. Utafiti wa kaya wa 2015/16 ukatoa 67. Hakuna aliyedanganya. Moja ni mstari uliochorwa kupitia data zote zilizokuwapo na kusogezwa mbele hadi 2015, nyingine ni simulizi za akina mama kuhusu miaka mitano iliyopita. Chagua mfululizo mmoja ubaki nao.

Sasa fungua namba uone tumboni mwake. Katika utafiti wa 2004/05, kati ya vifo 112, vya siku 28 za kwanza vilikuwa 32. Waliobaki, 80, walifariki baada ya hapo. Mwaka 2022 hao 80 wamekuwa 19. Hapo ndipo zinapoonekana chanjo ya surua na ya nimonia, chandarua, dawa mseto ya malaria, na kuzuia virusi vya UKIMWI visitoke kwa mama kwenda kwa mtoto. Lakini vile vya siku 28 vimetoka 32 kwenda 26 mwaka 2010, 25 mwaka 2015/16, na 24 mwaka 2022. Havitibiwi kwa chandarua. Ni mtoto aliyekosa hewa wakati wa uchungu, ni njiti, ni maambukizi ya siku za mwanzo; vinataka mkunga mwenye ujuzi usiku wa manane, mfuko wa kupumulishia, oksijeni, na damu kwa mama.

Lengo la dunia kwa mwaka 2030 ni vifo visivyozidi 25 chini ya miaka mitano. Sisi tuna 24 ndani ya mwezi wa kwanza peke yake.