Gari ya dizeli ikigoma kuwaka alfajiri, pima kabla ya kununua betri

Wenye daladala, malori na gari za kubebea wageni, Unguja na Pemba, wanaujua mkasa huu: dereva anapiga staata alfajiri, injini inazunguka kivivu, kisha kimya. Linalofuata ni kununua betri mpya, na baada ya wiki chache nayo inalaumiwa. Sisi tunaofundisha umeme wa magari tunasikitika kuona pesa zinapotea hivyo wakati kosa mara nyingi limo kwenye waya.

Dizeli haina plagi za cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 500, mafuta yakinyunyizwa humo yanawaka. Injini ikizunguka polepole, joto hilo linapotelea kwenye kuta za silinda na hewa inavuja kwenye ringi. Kwa gari zenye kompyuta kuna tatizo la ziada: volti zikishuka sana kompyuta inazima, na presha ya dizeli haifikii kiwango cha kufungua nozeli.

Kwa hiyo sikiliza kwanza. Injini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haiwaki, iache betri. Tafuta hewa iliyoingia kwenye mafuta, chujio lililoziba, maji ndani ya dizeli au hita (plagi za kupasha joto silinda) zilizoungua. Ikizunguka kivivu, chukua mita ya kupimia volti.

Gari iliyolala usiku kucha isome volti 12.6 ikiwa betri imejaa. Ikisoma 12.2, imebaki kama nusu, 12.0 ni karibu tupu. Kisha mwenzako apige staata huku ukitazama mita: isishuke chini ya 9.6. Kwa mfumo wa volti 24, zidisha mara mbili.

Kipimo kinachorukwa sana ni cha waya. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, halafu mwenzako apige staata. Ukiona zaidi ya volti 0.3, athi, yaani waya unaounganisha nguzo hasi na chuma cha gari, ni mbovu. Upande wa chanya, pima toka nguzo ya betri hadi kwenye staata. Zaidi ya 0.5 ni kosa. Hewa yetu ya chumvi hupenya chini ya mpira wa waya, nyuzi za shaba zikageuka kijani na kukatika, na kwa nje waya unaonekana mzima kabisa. Gari zinazolala karibu na pwani, Nungwi, Paje au Mkoani, zikaguliwe mara nyingi zaidi. Athi isafishwe kwa msasa hadi chuma king'ae, ifungwe, kisha ipakwe grisi.

Nasisitiza hasa kwa mabasi na malori ya volti 24. Redio na chaja za simu za volti 12 huungwa kwenye betri moja kati ya mbili, kwa sababu ni rahisi. Betri hiyo inanyonywa kila siku, mwenzake inajazwa kupita kiasi, na zote mbili zinakufa mapema. Fungeni konvata ya kushusha 24 hadi 12, na siku ya kubadilisha betri badilisheni zote mbili, za aina moja.

Injini ikishawaka, chaji iwe kati ya volti 13.8 na 14.5 kwa mfumo wa volti 12. Ikiwa chini, tazama belti ya altaneta (mashine inayochaji betri) kabla ya kuifungua altaneta yenyewe. Ikipita 15, maji ya betri yatachemka na kukauka. Daladala inayosimamasimama Darajani, taa na muziki vikiwaka, huenda isirudishe chaji iliyotumika hata kama altaneta ni nzima.

Mwenye gari nyingi ana faida asiyokuwa nayo mwenye moja: analinganisha. Andikeni daftarini volti za alfajiri na volti wakati wa kupiga staata, kila gari, kila mwezi. Gari iliyokuwa ikishuka hadi 10.8 na sasa inashuka hadi 9.9, wakati nyingine za aina yake hazijabadilika, ipelekwe kwa fundi wiki hiyohiyo.

Staata isibanwe zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo. Ipumzishwe dakika moja au mbili. Na kabla ya kufungua au kusafisha waya wowote, fungua nguzo hasi kwanza, mbali na sigara, kwani betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka.