Riaksheni ya ukoma kwa mtoto: isidhaniwe fangasi, aleji wala sikoseli

Riaksheni ya ukoma ni kinga ya mwili kuwacharukia ghafla vimelea vya ukoma, hata vilivyokwisha kufa. Ngozi na mishipa ya fahamu ndiyo inayoumia. Huweza kuja kabla ya matibabu, katikati ya dozi, au baada ya kuimaliza. Haimaanishi dawa zimegoma, kwa hiyo dawa za ukoma haziachwi. (Aleji ya dapsoni, mojawapo ya dawa za ukoma, ni jambo jingine: homa na vipele mwili mzima, mara nyingi ndani ya wiki 6 za mwanzo. Hapo dapsoni husimamishwa haraka.)

Riaksheni ni za aina mbili, na watoto wengi wanaoipata hupata aina ya kwanza. Baka lililokuwa bapa na hafifu huumuka, likawa jekundu au rangi ya shaba, lina joto. Kwenye duka la dawa la Mbagala au Manzese, Dar es Salaam, atauziwa krimu ya fangasi, mara nyingi iliyochanganywa na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe). Hapo ndipo penye mtego: ngozi inatulia siku chache, mshipa unaendelea kuharibika kimyakimya. Fangasi huwasha na huwa na magamba ukingoni. Baka la ukoma kwa kawaida haliwashi na hisia zake zimepungua, ingawa la usoni laweza kubaki na hisia.

Aina ya pili ni adimu kwa watoto wadogo: homa, viungo kuvimba, vinundu vinavyouma vikiguswa. Dar es Salaam mtoto huyo hupimwa malaria, kisha hudhaniwa ana sikoseli au baridi yabisi. Vinundu hivyo ndivyo vya kutafuta. Mvue nguo zote.

Kupima mtoto kunahitaji subira. Usimuulize "unasikia?" maana atajibu ndiyo. Mgusie ncha ya kalamu akiwa anaona, kisha afumbe macho na aonyeshe kwa kidole ulipogusa. Papasa mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko, pande zote mbili, ukimtazama uso. Mwambie atanue kidole kidogo cha mkono akishindana na chako, na afumbe macho kwa nguvu.

Mshipa ukiuma, au kidole au kope zikilegea, aende kliniki ya kifua kikuu na ukoma siku hiyohiyo. Prednisoloni, steroidi ya kumeza, huanza kwa takriban mg 1 kwa kilo kwa siku: mwenye kilo 20 hupata vidonge 4 vya mg 5 asubuhi, baada ya chakula. Minyoo hutibiwa kwanza, na dozi hupunguzwa polepole kwa miezi. Udhaifu uliodumu zaidi ya miezi 6 mara chache hupona.